Nikianguka Mbele ya Mgonjwa

Katika maisha yangu nimezirai mbele ya wagonjwa kumi na mmoja. Watatu walikufa, wanane walipona wakarudi kwenye shughuli zao. Hesabu hii ninayo mimi peke yangu, maana kwetu, kwenye visiwa vya upande wa Mbwera, waliopona hakuna aliyejisumbua kuwahesabu.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane hivi. Mama alinituma nimpelekee uji jirani yetu aliyekuwa na homa. Nilimkuta amejikunyata kwenye mkeka, anatetemeka hata meno yanagongana, midomo imepasuka, macho yanamwangalia mtu ambaye mimi simwoni. Hakukuwa na damu wala kidonda. Nilisimama pale nimeshika bakuli, jasho la baridi likanitoka shingoni, masikio yakaanza kuvuma, halafu nikajikuta sakafuni na uji umenimwagikia kifuani. Yule jirani, na homa yake hiyo, ndiye aliyeinuka kunipepea kwa ncha ya kanga. Siku ya pili yake akafariki.

Mwaka uliofuata bibi yangu mzaa baba alipata kiharusi, mdomo ukaenda upande. Niliingia na wajukuu wenzangu kumsalimia. Wenzangu waliinama wakambusu mkono, mimi nikaenda chini hata kabla sijamfikia. Bibi naye hakumaliza wiki.

Basi, wawili walitosha. Wanawake kisimani walisema lisemwalo lipo, kama halipo liko njiani, na kabla mpunga wa mwaka ule haujachanua shauri lilikuwa limeshakatwa: yule mtoto ana kitu, akianguka mbele ya mgonjwa, mgonjwa huyo haamki tena. Hapo katikati nilikuwa nimeanguka pia mbele ya mzee mmoja aliyechomwa mguuni na mwiba wa samaki taa. Yeye alipona, akafunga Ramadhani nne baada ya hapo na akaongeza mke wa pili. Nilipomtaja kama ushahidi, niliambiwa mzee yule alizindikwa kwa dawa toka utotoni, asihesabiwe. Watu wakitaka jambo lao liwe kweli hawakosi pa kulishikiza.

Kwetu mgonjwa hatazamwi na mtu mmoja mmoja. Habari ikitoka kwamba fulani hajiwezi, wanawake hupatana waende pamoja alasiri, kazi za shamba zikishapungua. Huvua kandambili mlangoni, huingia, hukaa kwenye mkeka kuzunguka kitanda, na kila mmoja humshika mgonjwa mkono au mguu akimwambia pole. Baada ya hapo mazungumzo huhama. Wataongea habari za viboko walioingia kwenye mpunga, za binti aliyeposwa, za chumvi iliyoadimika dukani, na mgonjwa akiwa katikati yao anasikiliza, akipata nguvu anatia neno lake. Ni dawa kubwa ile, hata mimi niliyeisikia kupitia ukutani naikubali. Na asiyekwenda kuwatazama wenzake, siku yake ikifika atalala na nzi wake.

Mimi nilikwenda, ila nilikomea barazani. Nilikaa pale nikizitazama kandambili zao, nikizipanga mbili mbili ili wakitoka wasihangaike. Walinitania kwamba mimi ndiye mlinzi wao, nami nilicheka, kwa sababu anayetaniwa bado yumo. Lakini mle ndani waliposhusha sauti na kuangua kicheko cha pamoja, nilijisikia mpweke kiasi cha kutaka kulia. Nilipovunja ungo hata baraza waliniondolea. Mama mkubwa mmoja alinishika bega akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, weye baki tu nyumbani. Tutakufikishia salamu zako." Afadhali angenitukana.

Mama yangu mbele za watu alinitetea. Alisema nina damu nyepesi, nitakua, itaisha. Nilimwamini hadi siku alipoumwa malaria yeye mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimletea maji ya kunywa, nikakuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa komeo kutoka ndani. "Yaache hapo hapo mlangoni," alisema. "Nitayachukua." Nikakaa chini nikaegemea ukuta wa udongo, yeye upande wake amelala, tukaongea hivyo siku tatu mpaka homa ikashuka. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Aliniuliza kama kuku wameingia bandani, nikamwambia wameingia. Kila alipoumwa baada ya hapo ilikuwa hivyo hivyo. Mama yangu mzazi aliniogopa, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na hatukuwahi kulitaja jambo hilo.

Nikaolewa Kibiti. Niliona heri niende mahali ambapo hakuna anayezijua habari zangu, na kweli miaka sita ilipita salama. Kisha mume wangu akaanguka na pikipiki, akachubuka goti mpaka nyama ya ndani ikaonekana. Mara ya kwanza kumfungua bandeji niliangukia juu ya goti hilo hilo. Alipiga ukelele uliosikika nyumba ya tatu. Dada zake wakaja kumuuguza, wakanikuta nimekaa uani na beseni la maji ya moto, siingii wala sitoki. "Mke gani huyu," alisema mkubwa wao, "mumewe anaumwa, yeye ndiye wa kupepewa?" Goti lilipona lakini ndoa haikupona. Sikumlaumu sana. Mtu anaoa ili siku akilala awepo wa kumgeuza.

Nilibaki Kibiti na cherehani yangu, nikishona madera na sare za shule kwenye kichumba cha barabarani. Nilijizoeza kuishi peke yangu, jambo ambalo si gumu kama watu wanavyodhani, ila jioni za Ijumaa zina urefu wake. Siku moja nilikwenda hospitali kupima malaria, na kwenye foleni kulikuwa na mtoto anatapika. Nikaenda chini. Nilipozinduka, nesi mmoja wa makamo alikuwa ameninyanyua miguu juu ya kiti, ananitazama kwa utulivu kama mtu anayesubiri chai ichemke.

"Hii imekutokea mara ngapi, mwanangu?" aliniuliza.

Nikamweleza yote. Sikuwahi kumweleza mtu yote. Hakucheka wala hakushtuka. Alisema wapo watu walioumbwa hivyo, wakimwona mwenzao anateseka moyo wao hupunguza mwendo ghafla, damu inashuka miguuni, kichwa kinabaki kitupu. Jambo hilo halina uhusiano na kifo cha mtu yeyote. "Ukihisi lile jasho la baridi, usishindane nalo," alisema. "Lala chini upesi, inua miguu. Ukiwa umelala huna pa kuangukia." Nilirudi nyumbani kwa miguu huku natabasamu peke yangu barabarani. Nilitaka kuvuka maji siku ile ile nikapige mbiu kisiwa kizima. Sikwenda. Ningempigia nani mbiu, na nani angeacha kazi yake anisikilize?

Ilipita miaka miwili hivi, mdogo wangu akanipigia simu. Tumezaliwa wawili tu, na yeye ndiye aliyebaki kisiwani na mama, anavua na kukata nguzo za mikoko. Baba alishatangulia zamani.

"Dada, mama anaumwa," alisema. "Kichomi. Anakohoa hapumziki. Nimeshapanga na mwenye boti, kesho kutwa alfajiri tunamleta huko hospitali."

"Nakuja."

"Si ndiyo tunamleta huko huko? Ungetusubiri tu."

"Nimesema nakuja," nikamjibu, na ukali wangu ulinishangaza hata mimi. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kumwona mama yangu akiwa mgonjwa hata siku moja. Sasa nilikuwa na elimu yangu ya kulala chini na kuinua miguu. Nilijua akizidiwa njiani nikiwa sijamshika mkono, sitajisamehe. Nilijua pia kwamba nikianguka mbele yake, atajihesabu maiti. Mambo yote mawili niliyajua vizuri wakati nafunga mfuko wangu.

Kesho yake asubuhi nilichukua bodaboda hadi Nyamisati, nikasubiri maji yajae, nikapanda boti lile lile ambalo lingemchukua mama. Lilikuwa limepakia unga, saruji na kreti za soda, nami nikakaa juu ya unga. Nahodha aliniambia hizo ndizo siku za mwisho za bamvua, maji makubwa. Zikianza siku za maji mafu, kijito chetu kinakauka hata mtumbwi unaburuzwa kwenye tope, boti kubwa haliingii mpaka bamvua jingine. "Kesho alfajiri nikitoka, nimetoka," alisema. Nikamwambia ndiyo hivyo, mgonjwa atakuwa tayari.

Nilifika alasiri, wakati ule ule wa kutazama wagonjwa. Kandambili zilikuwa zimejaa mlangoni. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alinipokea mfuko, akanikumbatia, kisha akasimama katikati ya mlango na mwili wake wote. "Wifi, umechoka na safari," alisema. "Pumzika kwanza hapo barazani, nikuletee maji."

Kutoka ndani nikasikia mama anakohoa, kikohozi kizito, halafu sauti yake, nyembamba kuliko nilivyoizoea kwenye simu.

"Mwacheni apite."

Wifi hakusogea.

"Nimesema apite. Nimechoka kuongea na mwanangu kupitia ukutani."

Wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakapita wakiniangalia pembeni, wakaenda kukaa barazani. Mimi nikamwomba wifi mkeka na kiroba cha mpunga. Sikumweleza kitu. Nikaingia huku macho yangu nimeyashikilia kwenye sakafu, nikatandika mkeka chini, kando ya kitanda cha mama, nikalala chali, nikaweka miguu juu ya kiroba. Mama akachungulia kutoka juu.

"Ndiyo nini tena hiyo?"

"Ndiyo dawa niliyopewa Kibiti, mama. Nikilala hivi sianguki."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akateremsha mkono wake, nikaupokea. Ulikuwa wa moto, mkavu, mifupa inahesabika. Lile jasho lilikuja kweli, masikio yakavuma, lakini nilikuwa nimelala na giza likapita juu yangu likaenda zake. Sikuamini. Tulikaa hivyo labda saa nzima. Aliniambia nimenenepa. Alinieleza habari za mdogo wangu, kwamba anafanya kazi sana na hasemi, na za wifi, kwamba mpishi mzuri ila mkono wake mzito kwenye chumvi. Nilimweleza kuhusu nesi, damu na miguu, na yeye akawa anaitika, "Ehee... ehee," namna anavyoitika mtu anayeipenda sauti tu. Sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile. Naisema hivyo hivyo, sina haja ya kuipamba.

Kisha kikohozi kikamjia kwa nguvu. Akainuka nusu, akapapasa pembeni ya kitanda. "Nishikie kopo," alisema.

Kwenye ukumbi alikuwepo wifi. Kilichotakiwa ni kumwita tu. Lakini mama alikuwa ameniambia mimi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kuniagiza kitu cha ugonjwa wake. Nikasimama. Nikashika kopo mbele ya kinywa chake, nikamwona usoni kwa mara ya kwanza, macho yamezama, na makohozi yenye rangi ya kutu yakidondoka mle ndani. Nakumbuka nikijiambia lala chini, lala chini sasa hivi. Nakumbuka kelele za kopo kwenye sakafu.

Nilipozinduka chumba kilikuwa kimejaa watu. Hakuna aliyekuwa ananipepea. Walikuwa wamemzunguka mama, na wakubwa wao walikuwa wameshaanza kumsomea. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mkeka ulikuwepo, umekunjika chini ya miguu yangu. Ningesema nimeteleza. Neno moja tu, nimeteleza, nao wangeguna, wangenicheka, wangenitoa nje, na alfajiri mama angepanda boti. Lakini mimi nilikuwa na elimu yangu. Nilikaa kitako pale sakafuni nikaanza kuwafafanulia habari za moyo unaopunguza mwendo na damu inayoshuka miguuni, nikitaja nesi, nikitaja hospitali, sauti ikipanda. Miaka thelathini na zaidi nilisubiri kuwaambia watu hawa kwamba sina kitu, na nikachagua saa ile. Walinisikiliza kwa huruma, wakitikisa vichwa. Kila nilivyozidi kueleza kwa nini nimeanguka, ndivyo nilivyozidi kuthibitisha kwamba nimeanguka.

Nilimfuata mdogo wangu uani. Alikuwa ameshamtuma mtu dikoni, boti zinapofunga, amwambie nahodha asimsubiri mgonjwa.

"Mdogo wangu, mama anatibika," nikamwambia. "Kichomi kinatibika kwa sindano. Mpandishe boti."

"Dada, umeanguka. Nimeona mwenyewe."

"Nimeanguka kwa sababu nimeumbwa hivyo."

"Nimchukue mama akafie katikati ya maji?" aliniuliza, na machozi yalikuwa yanamtoka, nami sijawahi kumwona analia tangu utotoni. "Nirudi na maiti juu ya magunia ya watu? Wewe ungeweza hilo?"

Nikarudi kwa mama. Nilijua akiamua yeye, hakuna wa kumpinga. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, ametulia, na watu wamempisha nafasi niingie, heshima ambayo sikuwahi kupewa. Nikalala tena kwenye mkeka wangu, nikamwomba kwa kila jina la Mungu nililolijua apande boti.

"Acha kunisumbua na mambo ya boti," alisema taratibu. "Nataka nizikwe na baba yenu. Na usijilaumu, mwanangu. Wangapi wanaondoka ghafla na radhi za watu shingoni? Mimi nimeletewa habari mapema, na nimeletewa na mwanangu."

Alfajiri nikiwa nimelala pale pale nilisikia injini ya boti ikiwaka, ikashika kijito, ikafifia upande wa bahari. Mama naye alisikia. Alinibonyeza vidole.

Aliishi siku nne zaidi. Aliita kila mtu aliyewahi kukwaruzana naye, akaomba radhi akapewa, akaombwa akatoa. Mama mmoja ambaye walinuniana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba alikuja akalia mpaka akalazwa mkekani. Kanga zake alizigawa mwenyewe, jozi kwa jozi. Kisiwa kizima kilisema hakijaona mtu aliyejiandaa vizuri hivyo. Nami nililala chini kando ya kitanda nikimsikiliza pumzi zinavyofupika, nikijua kwamba kuvuka maji kidogo tu kungemfikisha kwenye sindano. Sikuweza kumwambia mtu yeyote neno hilo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na amani yake isipokuwa mimi.

Maiti haziniangushi. Hilo nalo niligundua siku ile. Nilishiriki kumwosha mama yangu mwanzo hadi mwisho, nikamwaga maji, nikamfunga sanda. Wanawake waliokuwa wakinitupia macho waliacha. Na wakati wa msiba walikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka, wakanipa makiwa, wakanishukuru. Mama mkubwa mmoja alinikamata mikono miwili akasema, "Umemsaidia mamako, umemwahi." Nilitaka kumpiga. Nikamwambia ahsante.

Nikarudi Kibiti kwenye cherehani yangu. Mdogo wangu alinipigia kila sikukuu, tukasalimiana, tukauliziana hali, tukakata. Niliona sauti yake ina kitu ilichokibana, lakini na mimi nilikuwa na changu, basi kila mmoja alibaki na mzigo wake upande wake wa maji.

Mwaka huu, baada ya kusia mpunga, akanipigia simu ya picha mchana. Hakuwahi kunipigia hivyo, mtandao wa kwao ni wa kubembeleza. Nikaona paji lake la uso, kisha ukuta, kisha tena paji la uso.

"Dada, mwanangu anaumwa," alisema. Ni binti yake wa miaka mitano, nilimshonea gauni la Idi. "Siku ya tatu leo. Anahema upesi upesi. Kuna boti linatoka na maji ya jioni hii. Nataka kwanza umtazame."

Nilielewa. Hakuwa anataka ushauri wangu. Alitaka kuona kama nitaanguka, ajue kama ampakie mtoto kwenye boti au amlaze kwenye kitanda cha bibi yake. Hasira ilinipanda hadi utosini. Nilifungua mdomo nimweleze tena habari za damu na miguu, na nikaufunga.

"Subiri nifunge mlango," nikasema.

Nikafunga mlango wa kichumba. Nikalala chali kwenye saruji, nikaweka miguu juu ya kiti cha cherehani, nikainua simu mbele ya uso wangu. Sakafu yangu ni ya kijivu na kuta zangu ni za kijivu vilevile, anayetazama kwenye simu hawezi kujua kipi ni kipi. Shungi langu nikalibana vizuri lisisambae.

"Nimesimama," nikamwambia. "Nioneshe."

Akageuza simu. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya wifi, pua zinatanuka, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia na kutoka. Alikuwa na macho ya mama yetu. Jasho likaja, mvumo ukaja, picha ikaanza kukusanyika katikati na kuwa nyeusi pembeni. Nikauma ulimi wangu nikaongea upesi, kwa sauti niliyojua mama mkubwa yeyote wa kisiwani angeiheshimu.

"Nimemwona. Nimemwona mzima. Lakini nimemwona anaponea Kibiti, hapo haponi. Mpandisheni boti na maji haya haya, msingoje mengine."

"Umesimama, dada?"

"Nimesimama imara."

Nikakata simu. Sijui nililala pale kwa muda gani. Nilipoamka simu ilikuwa kifuani na mteja alikuwa anagonga mlango akiulizia sare.

Walimfikisha. Alilazwa siku tisa, akapewa sindano na hewa ya mtungi, na siku ya nne akaomba chapati. Mdogo wangu alinipigia kunishukuru, na katika sentensi hiyo hiyo akaniomba nisiende wodini. "Unajijua mwenyewe, dada," alisema. Hospitali hiyo kwa miguu ni mwendo mfupi kutoka kwangu. Kila asubuhi nilipika uji, nikaufunga kwenye chupa ya chai, nikaufikisha getini. Wifi alikuja kuupokea, akanibusu mikono, kisha akasubiri nigeuke niondoke kabla naye hajageuka.

Siku waliyoruhusiwa walipita kwangu kuniaga. Mtoto alikuwa amekonda lakini anatembea, anagusagusa vitambaa. Wifi alimpeleka dukani kumnunulia biskuti, na mdogo wangu akabaki, amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia yake ya kushonwa kwa mkono mapajani. Nikaendelea kukunja pindo.

"Dada," alisema mwisho. "Kwa mama uliona, na ikawa. Kwa huyu umeona, na imekuwa."

Nikakata uzi kwa meno.

"Mimi tangu siku ile ya boti silali vizuri. Najiuliza kama ningempandisha..." Akaikunja ile kofia akaikunjua. "Sasa nataka uniambie wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayeona. Nilikosea kulirudisha lile boti?"

Alikuwa ameinua uso ananitazama. Ana mvi, mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kuvuka tope la kijito wakati hajajua kutembea vizuri. Nje nilisikia sauti ya mtoto ikirudi na wifi.

"Hukukosea," nikamwambia. "Siku zake zilikuwa zimeisha."

Alishusha pumzi ndefu, akafuta uso kwa kofia, akasimama. Hata mabega yake yalikuwa mengine. Wakaniaga, mtoto akanipa biskuti moja, wakapanda bodaboda wakawahi maji. Nilisimama mlangoni mpaka hawaonekani, kisha nikarudi kwenye kushona. Yeye ndiye mtu pekee niliyebaki naye ambaye siku moja ningeweza kumwambia kwamba mama yetu angepona.